Glasi ya Kwanza

Kwetu Uchagani mtu hamwendei mkubwa wake na neno zito akiwa mikono mitupu. Ukiwa na shauri la shamba, la mahari, au la mtoto aliyekosa adabu, hutanguliza mbege. Mbege ikishawekwa chini na kata ikaanza kuzunguka, ndipo mtu husafisha koo na kusema kilichomleta. Mimi nimeishi Denver, katika jimbo la Colorado huko Marekani, zaidi ya miaka ishirini, nikadhani desturi hiyo nimeiacha kule kule migombani pamoja na panga langu la utotoni. Mwaka 2019 nilitambua kwamba haikubaki huko. Ilinifuata kimya kimya, ikanitokea ndani ya gereji yangu katika sura ya pipa dogo la bia lililokataa kutoa kitu chochote isipokuwa povu.

Lile friji la bia sikulinunua. Lilikuwa mali ya jirani yangu, mzee wa Kimarekani aliyekuwa fundi bomba hadi alipostaafu. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini ukishuka chumba chake cha chini ya nyumba ulimi wake ulifunguka. Huko alikuwa na friji ya kawaida iliyotobolewa juu, na katika tundu lile imesimikwa nguzo fupi ya chuma yenye koki moja. Ndani ya friji lilikaa pipa, na kando yake mtungi wa gesi wenye regulata na geji zake mbili. Ulivuta mkono wa koki, bia ikashuka kimya, safi, na juu yake povu la unene wa vidole viwili, jeupe kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Kwa miaka saba niliyokunywa kwake sikuona hata siku moja bia ile ikifanya fujo.

Mzee alipenda kunisimulia jinsi watu wa rika lake walivyoanza kupika bia majumbani. Marekani ilikuwa imeondoa marufuku ya pombe mwaka 1933, lakini sheria ya taifa ilisahau kumruhusu mtu kupika bia nyumbani kwake mwenyewe, na ikakaa hivyo hadi Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyofungua mlango huo. Mwaka huo huo, katika mji wa Boulder ulio jirani yetu, Charlie Papazian na wenzake walianzisha chama cha wapika bia wa nyumbani. Mzee alikuwa akisema hayo kwa fahari kama mtu wa kwetu anavyosimulia habari za Uhuru. Nami nilicheka moyoni, kwa kuwa bibi yangu mzaa baba alipika mbege maisha yake yote, akachemsha ndizi mbivu, akatia ulezi ulioota na gome chungu la msesewe, wala hakumngoja rais yeyote.

Mzee alifariki Februari 2019. Mwezi wa tano mjane wake alinigongea mlango akaniambia kwamba anahamia kwa binti yake, na kwamba marehemu aliwahi kusema friji ile iende kwangu. Tuliibeba watu wanne, tukaipandisha ngazi za chumba cha chini kwa taabu kubwa, tukaivusha barabara. Niliupokea urithi ule kwa heshima. Na kwa kuwa niliuheshimu nikaamua kuusafisha na kuupanga vizuri, na hapo ndipo nilipouharibu.

Sasa lazima niseme kwa nini jambo hili lilinikosesha usingizi, maana mtu mwenye akili zake hawezi kuhangaika mwezi mzima kwa ajili ya povu.

Baba yetu alifariki mwaka 2015. Sisi wa kiume tulibaki wawili, kaka yangu na mimi. Kwa mila, kihamba cha baba kikubwa huangukia kwa mtoto wa mwisho wa kiume, ambaye ni mimi, na mtoto wa kwanza hupewa chake mapema. Lakini mtoto wa mwisho alikuwa Denver, na aliyemuuguza baba, aliyepalilia kahawa, aliyegombana na majirani kuhusu zamu za maji, ni kaka. Siku ya tanga yalisemwa maneno. Mengine niliyasema mimi, mbele ya shangazi zetu, na sitayarudia hapa. Miaka minne ikapita tukiwasiliana kwa salamu tu: Krismasi, Pasaka, na taarifa za misiba. Kisha kijana wangu akamaliza chuo, nami nikamwalika kaka kwa barua, kwa kuwa sikuthubutu kupiga simu. Alijibu kwa mstari mmoja kwamba atakuja. Viza ilipotoka nilijua kwamba haji kwa ajili ya mahafali peke yake.

Nitaweka nini mbele yake? Mbege Denver sikuweza kuipata. Bia za chupa kutoka dukani zilionekana kwangu kama kumpokea mtu kwa biskuti. Lakini pipa, chombo kimoja ambacho mwenyeji anateka na kumpa mgeni, hilo lilikaribia. Nikanunua pipa dogo la bia nyepesi ya kiwanda, lile wanaloliita la sita moja, yaani sehemu ya sita ya pipa lao kubwa, lenye lita kama 19 na nusu. Nikaliunganisha, nikasubiri lipoe, nikavuta koki. Likatoka povu. Nikajaza glasi ya pili, povu. Ya tatu, povu na kidole kimoja cha bia chini. Nilisimama pale gerejini na glasi tatu mfano wa mtu aliyekuwa anafua nguo.

Kosa langu la kwanza ndilo wanalolifanya wengi, na lina mantiki inayovutia: bia inatoka kwa nguvu mno, basi punguza nguvu. Geji ilikuwa imesimama kwenye ratili 14 kwa inchi ya mraba, pale pale alipoiacha marehemu. Nilikuwa na jedwali moja lililopigwa chapa, la viwango vya joto na nguvu ya gesi, nalo lilisema kwamba kwa bia kama yangu ratili 11 au 12 zinatosha. Nikajiambia mzee macho yalikuwa yamechoka. Nikashusha hadi 12. Povu. Nikashusha hadi 8, kisha 6. Kwa siku moja nilidhani nimeshinda, maana bia ilitoka polepole kama asali. Kisha povu likarudi kwa namna mpya na mbaya zaidi: koki ilikohoa, ikatema, ikanyamaza, ikatema tena. Na bia iliyobaki chini ya povu ilikuwa imepooza, haina uchangamfu wowote mdomoni.

Sababu yake si ngumu, ila mtu hujifunza baada ya kupata hasara. Gesi ile, kabonidayoksaidi, imeyeyuka ndani ya bia na inakaa humo kwa masharti mawili, baridi na kubanwa. Mwingereza William Henry alieleza mwaka 1803 kwamba kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika kimiminika hufuata nguvu inayoikandamiza. Kabla yake, kasisi Joseph Priestley alikuwa amekaa jirani na kiwanda cha bia mjini Leeds, akaichezea hewa iliyotuama juu ya mapipa, na mwaka 1772 akachapisha maelezo ya namna ya kuitia katika maji. Soda zetu zote ni wajukuu wa udadisi ule. Basi, ukipunguza nguvu inayoibana bia ndani ya pipa, gesi huanza kuiacha. Haingoji ifike kwenye glasi. Inatokea humo humo ndani ya mpira wa kupitishia bia, inakuwa mapovu, na mapovu hayo yanafika kwenye koki kabla ya bia. Mimi niliyedhani nimeituliza, kumbe nilikuwa nimeifungulia mlango.

Nilipoufungua mlango wa friji nikamulika tochi kwenye mpira, niliyaona. Mpira ule ni angavu, na mtu akiutazama unasema kila kitu. Mapovu yakianzia kwenye pipa na kupanda, bia inapoteza gesi ndani: ama ina joto kuliko inavyostahili, ama haibanwi vya kutosha. Mpira ukiwa umejaa bia safi hadi unapoingia kwenye nguzo, na povu linatokea juu tu, basi mshitakiwa ni nguzo au koki. Wangu ulikuwa na mapovu kuanzia chini.

Nikageukia joto. Kipimajoto kilichoning'inia ndani ya friji kilisema nyuzi 3, nami nikakiamini. Hilo lilikuwa kosa la pili, kwa kuwa kilikuwa kinapima hewa karibu na sehemu inayotoa baridi, na pipa halinywi hewa. Njia iliyo sahihi ni ya kizamani kabisa: weka glasi ya maji ndani ya friji usiku kucha, asubuhi pima maji. Niliweka mbili, moja sakafuni na moja juu kabisa. Ya chini ilikuwa nyuzi 5, ya juu nyuzi 7. Ilikuwa mwezi wa sita, gereji yangu inapigwa na jua kutoka saa sita hadi magharibi, na friji ile ilizoea chumba cha chini ya ardhi chenye ubaridi mwaka mzima. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nimewahi kuona watu wakihamisha mzee wao kutoka kijijini kumleta mjini, kisha wakashangaa anapougua.

Nikakaza baridi, nikangoja. Kungoja nako ni kazi, maana lita karibu 20 hazipoi kwa saa mbili tatu. Zinataka siku nzima, na ukivuta koki kila nusu saa kuangalia unajidanganya tu. Asubuhi ya pili maji ya chini yalikuwa nyuzi 3, ya juu yamezidi kidogo. Kwa nguzo nilifanya kama nilivyoshauriwa na kijana wa duka la vifaa vya wapika bia: nikachukua kifeni kidogo cha kompyuta ya zamani, nikakifunga kwenye bomba jembamba la plastiki, kikawa kinasukuma hewa ya baridi kutoka chini ya friji kuipandisha ndani ya nguzo. Bia inayokaa ndani ya nguzo yenye joto ndiyo inayoharibu glasi ya kwanza ya kila kikao. Glasi ya pili huwa nafuu kwa sababu ya kwanza imeshaipoza njia. Kwa hiyo ukiona ya kwanza inatoka povu na ya pili inatulia, usiguse geji; shughulika na nguzo. Kwangu zilikuwa mbaya zote, lakini baada ya kifeni zilikuwa mbaya kwa usawa, jambo ambalo katika hali niliyokuwa nayo nililihesabu kuwa maendeleo.

Nikaifungua koki pia. Ndani nilikuta utando wa rangi ya kahawia, laini, wenye harufu ya siki. Tangu Februari hakuna aliyeisafisha. Mwongozo wa chama cha watengeneza bia wa Marekani, ambacho makao yake yako hapo hapo Boulder, unataka njia za bia zisafishwe kila baada ya siku 14 kwa dawa kali ya jamii ya magadi, na kila miezi mitatu kwa dawa ya asidi inayong'oa ule ukoga mgumu kama wa birika. Uchafu hauharibu ladha tu. Kila kipele kidogo ndani ya bomba ni mahali pa gesi kushika na kuzaa povu. Nilisugua, nikasuuza, nikabadilisha washa moja iliyokuwa imechanika. Nikavuta koki, safari hii kwa kuifungua yote mara moja, kwa sababu koki iliyofunguliwa nusu inaminya bia na kuichafua. Nikainamisha glasi kama inavyotakiwa.

Nusu glasi bia, nusu povu. Na kaka alikuwa anafika kesho.

Nilimpokea uwanja wa ndege saa tatu za usiku. Alikuwa amezeeka kuliko picha zake. "Shikamoo kaka," nikasema, naye akajibu marahaba kwa sauti ile ile ya baba, nikalazimika kuinama kuchukua begi lake ili asinione uso. Nyumbani alikula kidogo, akawasifu watoto, akalala. Kesho yake yalikuwa mahafali, na keshokutwa wageni. Siku ya nne asubuhi nilimkuta gerejini peke yake, amesimama mbele ya friji, mikono nyuma.

"Hii ndiyo inayokukosesha raha?" akaniuliza. "Mke wako ameniambia."

Nikaona aibu. Nikamweleza yote, joto, gesi, nguzo, uchafu. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema niivute aone. Nikavuta. Akaangalia povu likipanda na kumwagika juu ya vidole vyangu. Hakucheka. Akafungua mlango wa friji, akapiga goti kwa taratibu kama wapigavyo watu wenye maumivu ya magoti, akaushika ule mpira unaotoka kwenye pipa kwenda juu.

"Mbona ni mfupi hivi?"

Nikamwambia kwamba mwenyewe niliukata. Marehemu alikuwa na mpira mrefu wa futi kama 10, ameukunja kunja duara juu ya pipa, umefungwa kwa uzi, ovyo kabisa machoni pangu. Nilipokuwa nafanya ule usafi wangu niliukata ukabaki futi 4, ukanyooka vizuri kutoka pipani hadi kwenye nguzo. Kipande kilichobaki nilikitupa kwenye sanduku la takataka za gereji.

Kaka aliinuka, akapangusa magoti yake. "Wewe umesahau mfongo," akasema.

Msomaji ambaye hajafika kwetu pengine haijui mifongo. Ni mifereji iliyochimbwa na mababu kutoka vijito vya msituni, ikashushwa kwa ustadi kupita mabonde na matuta hadi kwenye vihamba, na kila ukoo una zamu yake ya maji. Kaka alikuwa msimamizi wa mfongo wa kwetu kwa miaka mingi. Ndiye aliyejua nani ameiba maji usiku. Na jambo la kwanza analofundishwa mchimbaji ni kwamba maji hayashushwi moja kwa moja kufuata mteremko. Ukifanya hivyo yanakuja meupe, yanapiga kelele, yanakula kingo na kubeba udongo, na yakifika shambani hayanyweshi, yanabomoa. Mfongo unazungushwa. Unafuata ubavu wa kilima, unakwenda mbali kama unaopotea njia, kusudi maji yamalize hasira zake humo humo na yafike kwenye mgomba yakiwa yamepoa. Mgeni akiutazama anaona watu hawajui kupima.

"Huyu mzee wako alijua," kaka akasema. "Alikuwa anazungusha maji."

Alikuwa na haki. Ndani ya mpira mwembamba, wenye tundu la milimita kama 5, bia inasuguana na kuta, na kila futi moja inapunguza nguvu kwa ratili mbili hivi, hata zaidi. Bia iliyotoka pipani ikisukumwa na ratili 14 inatakiwa ifike kwenye koki ikiwa imebakiwa na nguvu kidogo tu, ya kutosha kushuka ndani ya glasi. Kwa futi 4 ilikuwa inafika na ratili tano zaidi ya haja, halafu ghafla inaachiwa kwenye hewa tupu. Gesi inashtuka, inatoka yote kwa pamoja. Wauzaji wengi hufunga futi 5 kwa hesabu kali ya karatasini. Watu wazoefu wa majumbani huweka 8 au 10 na kuridhika, kwa kuwa mpira mrefu kidogo hupunguza mwendo tu, lakini mfupi hauna msamaha.

Tulikwenda dukani pamoja. Mpira mpya ulikuwa wa bei ndogo kuliko chakula cha mchana, na hilo lilimfurahisha kaka kuliko kitu chochote alichoona Marekani. Tuliloweka ncha zake katika maji ya moto zikalainika, tukazisukuma kwenye viunganishi, tukakaza vifungo. Kisha akaukunja mpira duara juu ya pipa na kuufunga kwa uzi. Nilitambua kwamba alifunga vile vile kama marehemu, ambaye hakupata kumwona.

Likabaki swali la geji. Nilitaka kuiweka 12, kama jedwali lisemavyo. Kaka aliuliza kwa nini mzee aliweka 14 kama alikuwa anajua kazi yake. Sikuwa na jibu. Jibu lilitoka jikoni, kwa mke wangu, aliyekuwa ameweka maharage ya wageni tangu asubuhi na bado yalikuwa magumu. Denver iko mita 1,609 juu ya bahari. Wenyewe wanajivunia kwamba ni maili moja kamili. Ni kimo ambacho kwetu mtu bado yumo migombani. Hewa ni nyepesi, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 95 na ushei, na maharage yanachelewa. Mama zetu wa mlimani wanalijua hilo bila kipimo chochote. Na jedwali langu lilikuwa limetengenezwa kwa ajili ya watu wa usawa wa bahari, ambako hewa inakandamiza kwa ratili 14.7. Denver inakandamiza kwa 12 na kidogo. Geji inapima tofauti kati ya ndani ya pipa na nje yake, haijui kwamba nje kwenyewe kumepungua. Inabidi mtu aongeze mwenyewe ratili mbili na nusu hivi. Kumi na moja na zaidi kidogo, jumlisha mbili na nusu, ni 14. Mzee alikuwa sawa, na mimi niliyezaliwa mlimani nikasahihishwa na sufuria ya maharage.

Nikairudisha geji mahali alipoiacha. Bia ile iliyokuwa imepooza ilihitaji siku kadhaa kuinywa tena gesi yake, kwa hiyo tukaiacha. Siku hizo kaka alitembea na kijana wangu, akaangalia milima ya Rocky akasema ni mizuri lakini haina watu. Habari ya kihamba hakuigusa, wala mimi.

Jumapili jioni, siku mbili kabla hajaondoka, nilimwita gerejini. Niliweka viti viwili karibu na mlango. Nikasuuza glasi kwa maji baridi (glasi iliyogandishwa nayo inaamsha povu, ingawa wenye baa wanaipenda), nikaiinamisha, nikafungua koki yote. Bia ikashuka bila sauti. Nilipofika theluthi mbili nikaisimamisha glasi wima, povu likapanda taratibu likasimama, vidole viwili. Ilikuwa glasi ya kwanza ya kikao kile, ile inayoharibika siku zote, na haikuharibika. Nikaishika kwa mikono miwili nikampa.

Hakuipokea. Aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Onja wewe kwanza," akasema.

Damu ilinipanda usoni. Nilikuwa nimesahau hata hilo. Kwetu anayetoa pombe huonja mbele ya anayepewa, amwonyeshe kwamba haina kitu. Baina ya ndugu wanaopatana hufanywa kwa mzaha, mtu analamba tu povu na watu wanacheka. Hakuna aliyecheka gerejini. Nikanywa, si kidogo, nikapangusa mdomo, nikampa tena kwa mikono miwili. Safari hii alipokea.

Alikunywa nusu akaiweka glasi sakafuni, karibu na mguu wa kiti. Boksi la ule mpira mpya lilikuwa bado pale ukutani. Alilichana upande mmoja, akautandika juu ya goti, akaomba kalamu. Akachora mto kwanza, kisha mfongo ukizunguka kilima, kisha nyumba ya baba, kaburi, na mstari wa masale. Halafu akageuza lile boksi linielekee na kunipa kalamu.

"Nionyeshe," akasema, "wewe unadhani mpaka unapita wapi."